Gurudumu la Tano: Jinsi Tela Lilivyopanda Mgongoni mwa Gari

Leo tutazungumza habari ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona, lakini huenda hamjapata kusimama mkakitazama vizuri. Ni ile sahani nene ya chuma, nyeusi kwa grisi, iliyolala juu ya mgongo wa kichwa cha lori. Kichwa kikipita barabarani peke yake, bila tela, sahani hiyo huonekana wazi. Upande wa nyuma imepasuliwa, nayo hufanana na mdomo ulioachama. Waingereza na Wamarekani huiita kwa lugha yao "gurudumu la tano."

Jina hilo ni la ajabu. Kitu chenyewe hakigusi barabara, na lori lililokibeba huenda lina magurudumu kumi. Tutaeleza jina hilo lilikotoka. Lakini liko swali kubwa kuliko la jina, nalo ndilo somo la leo. Kwa nini sahani hiyo imewekwa pale ilipo, juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa au mbele yake kidogo? Kwa nini haikuwekwa mwisho kabisa wa gari, ambapo ni rahisi kufunga kitu cha kuvutwa? Watu walitumia miaka mingi kulijibu swali hilo, na wengine mpaka leo hawajalijibu. Ndiyo maana utaona gari limeinua pua juu, nyuma limechuchumaa, na dereva anahangaika na usukani.

Kwanza tufanye jaribio dogo. Wanaume wawili wanachukua gunia la mahindi kwa mpiko, mmoja mbele na mwenzake nyuma. Gunia lina kilo 100. Likining'inia katikati ya mti, kila mmoja hubeba nusu, yaani kilo 50. Likisogezwa kuelekea kwa yule wa nyuma, wa nyuma hulemewa na wa mbele hupata nafuu. Likifika sawasawa kwenye bega la wa nyuma, basi yeye hubeba lote, na wa mbele ameshika mti mtupu. Hayo mnayajua, maana mmeyafanya.

Sasa fikirini mpiko mrefu, unaotokeza nyuma ya bega la yule mtu wa nyuma, na gunia limefungwa kwenye ncha ile iliyotokeza. Itakuwaje? Mti utainuka upande wa mbele. Yule wa mbele habebi tena. Itambidi aukumbatie mti auvute chini, usije ukamponyoka. Na yule wa nyuma atabeba gunia zima, na juu ya gunia atabeba pia nguvu za mwenzake anayevuta chini. Gunia ni la kilo 100, lakini bega lake linasikia zaidi ya kilo 100. Darasa lenye nafasi lifanye jaribio hili kwa fimbo na ndoo ya maji. Gunia si lazima, na maji yakimwagika hakuna hasara.

Lori ni watu wawili hao. Magurudumu ya mbele ni mtu wa mbele, na magurudumu ya nyuma ni mtu wa nyuma. Iko tofauti moja tu, nayo ni kubwa: mtu wa mbele ndiye anayeongoza njia. Magurudumu ya mbele yakikosa uzito, hayashiki barabara. Dereva atakata usukani na gari halitamsikia. Atakanyaga breki na matairi ya mbele yatateleza. Kwa hiyo mahali pa kuweka mzigo juu ya gari si jambo la urembo. Shikeni picha ya mpiko, maana tutairudia mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye habari za kale, tuanze na jina.

Zamani, kabla ya motokaa, watu wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa magari ya farasi. Gari la magurudumu mawili hugeuka kwa urahisi, kama mkokoteni. Gari la magurudumu manne lina taabu, maana ekseli ya mbele lazima igeuke, huku mwili wa gari na abiria wake umeketi juu yake. Mafundi wakatia kati ya ekseli na mwili wa gari duara la chuma, limelala chali. Duara moja lilifungwa kwenye ekseli, na jingine lilifungwa chini ya gari, yakawa yanasuguana moja juu ya jingine. Farasi wakivuta kulia, duara la chini hugeuka na la juu hutulia. Gari lilikuwa na magurudumu manne yaliyosimama, na hili moja lililolala. Ndipo likaitwa gurudumu la tano. Farasi wakaondoka, jina likabaki.

Angalieni kazi zake, maana zilikuwa mbili kwa wakati mmoja. Lilibeba uzito, na huku linabeba, liliruhusu kugeuka. Mnyororo wa kuvutia hauwezi kufanya hivyo. Mnyororo huvuta tu.

Mtu wa kwanza kulitia wazo hilo katika motokaa alikuwa Alexander Winton, mzaliwa wa Uskochi aliyehamia Cleveland, mji wa jimbo la Ohio huko Marekani. Alianza kwa kutengeneza baiskeli, kisha akatengeneza motokaa. Mwaka 1898 aliuza motokaa 22. Siku hizi hesabu hiyo ni ndogo, lakini wakati ule ilimletea mashaka ambayo hakuyatazamia. Wanunuzi wengine walikaa mbali. Je, gari jipya lifikishwe vipi? Likiendeshwa njia nzima katika barabara za udongo na mawe, mnunuzi atapokea gari lililokwisha kuchakaa. Winton akatengeneza mkokoteni wa kubebea motokaa. Nyuma ulikuwa na magurudumu yake mawili, lakini mbele haukuwa na magurudumu. Upande huo ulilala juu ya sehemu ya nyuma ya motokaa iliyouvuta. Nusu ya uzito ilibebwa na magurudumu ya mkokoteni, na nusu nyingine ilibebwa na gari la mbele. Ndiyo maana tela la namna hii huitwa nusu-tela, au semi-tela.

Miaka kumi na sita baadaye likatokea jambo kama hilo katika mji wa Detroit, kwa mtu wa kazi nyingine kabisa. August Fruehauf alikuwa mhunzi na mtengenezaji wa magari ya farasi. Mwaka 1914 mfanyabiashara wa mbao aliyeitwa Frederic Sibley alimjia na shauri. Alikuwa na mashua, naye alitaka kuivuta kwa motokaa yake ya Ford, ile ya Model T. Sasa, Model T ilikuwa gari jepesi, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Kuibeba mashua juu yake haikuwezekana. Fruehauf akalifanyia gari lile mahali pa kupokea mzigo, akaunda tela la kulalia hapo. Mashua ikaenda.

Sibley hakuwa mjinga. Aliporudi alijiuliza kama kitu kilichobeba mashua hakiwezi kubeba mbao. Akaagiza matela mengine kwa ajili ya kiwanja chake cha mbao. Mwaka 1918 Fruehauf alifungua rasmi kampuni ya matela, nayo ikawa kubwa sana katika Marekani.

Kampuni hiyo ilijitangaza kwa kusema kwamba farasi anaweza kuvuta mzigo mkubwa kuliko anaoweza kuubeba, na lori ni vivyo hivyo. Maneno hayo yaliuza matela mengi, na kwa sehemu ni kweli. Mtu mmoja huvuta kwa mkokoteni magunia ambayo asingeweza kuyatia kichwani. Lakini mimi naona tangazo hilo lilisema nusu tu ya habari. Semi-tela halivutwi tu. Linavutwa na pia linabebwa, na sehemu ile inayobebwa ndiyo iletayo matata yote. Anayefikiri kwamba tela linajibeba lenyewe, kwa kuwa lina magurudumu yake, amesahau kwamba upande wa mbele halina hata moja.

Aliyelishughulikia sana jambo hili la kubeba, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa Charles Martin wa jimbo la Massachusetts. Alishirikiana na kampuni ya Knox katika mji wa Springfield, wakatoa gari la kuvutia lenye magurudumu matatu: moja mbele na mawili nyuma. Wakati huo watu wengi walikuwa na magari ya farasi yaliyo mazima bado, na hawakutaka kuyatupa. Waliondoa farasi na ekseli ya mbele, wakaliegemeza gari la zamani juu ya kichwa hicho cha injini. Magari ya zimamoto yaliyokuwa yakivutwa na farasi yalipata maisha mapya kwa njia hiyo.

Martin aliona mambo mawili. La kwanza, barabara si sakafu. Kichwa kinapopanda mlima na tela bado liko bondeni, gari lote hukunjika kama goti. Sahani isiyoweza kuinama ingevunjika au ingevunja fremu. Kwa hiyo sahani yake ilitengenezwa ili iyumbe mbele na nyuma, kama kiti cha kubembea, na sahani za leo nazo huyumba hivyo. La pili ndilo la akili zaidi. Martin hakutaka uzito wa tela ukae juu ya fremu ya kichwa. Aliupitisha kwenye springi zake zenyewe mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Fremu ikabaki na kazi ya kubeba injini na dereva tu. Kwa mfano wetu wa mpiko, aliliweka gunia moja kwa moja begani mwa mtu wa nyuma, bila kuulemea mti.

Huko Uingereza kampuni ya Scammell ilifuata njia hiyo hiyo katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 ilitoa gari dogo la magurudumu matatu lililoitwa "farasi wa mashine," ambalo makampuni ya reli yaliligawia kazi ya kupeleka mizigo mjini. Liliingia chini ya tela, likashikana nalo lenyewe, likaondoka. Lilijulikana sana katika vituo vya reli, lakini tusikae hapo, tunayo hesabu ya kufanya.

Mwalimu, tafadhali chora ubaoni kichwa cha lori. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni mita 4. Tela linakilalia kwa uzito wa tani 8. Wanafunzi, tutaiweka sahani mahali patatu.

Mahali pa kwanza, sahani iko sawasawa juu ya ekseli ya nyuma. Tani zote 8 zinakwenda nyuma. Mbele hakuongezeki kitu, wala hakupungui kitu.

Mahali pa pili, sahani imesogezwa mbele ya ekseli ya nyuma kwa nusu mita. Nusu mita ni sehemu moja ya nane ya mita 4. Basi sehemu moja ya nane ya mzigo, yaani tani 1, huenda kwenye magurudumu ya mbele, na tani 7 hubaki nyuma. Dereva ataona usukani umetulia.

Mahali pa tatu, sahani imesogezwa nyuma ya ekseli kwa nusu mita. Sasa magurudumu ya mbele yanapoteza tani 1 ya uzito wake, na ekseli ya nyuma inabeba tani 9. Tela ni lile lile la tani 8! Tani ya tisa imetoka wapi? Imetoka mbele. Ni yule mtu wa mbele anayening'inia kwenye mpiko.

Tazameni jinsi kitu kidogo kinavyoleta tofauti kubwa. Kati ya mahali pa pili na pa tatu ni mita moja tu, hatua moja ya mtu mzima. Lakini magurudumu ya mbele yametofautiana kwa tani 2. Ndiyo sababu mafundi wanaofunga sahani hupima kwa uangalifu, na ndiyo sababu fundi wa kubahatisha ni hatari.

Sasa tuyaache malori, tuje kwenye magari madogo, maana huko nako gurudumu la tano lilifika, na historia yake inafurahisha.

Glenn Curtiss alikuwa Mmarekani mashuhuri kwa kutengeneza ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwa Florida, alitengeneza nyumba ya kuvutwa na gari, nyepesi na ya mviringo kama mwili wa ndege. Hakutaka kuifunga nyuma ya gari. Aliweka ndani ya sehemu ya nyuma ya gari gurudumu la kweli, lenye tairi la mpira lililojazwa upepo, akalilaza chali. Pini ya nyumba ile ilishuka katikati ya gurudumu hilo. Tairi lilimeza mitetemo ya barabara. Kwa hiyo jina ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la mfano tu, kwa Curtiss likawa kweli tupu: hapa palikuwa na gurudumu la tano lenye tairi! Curtiss alifariki mwaka 1930.

Wakati huo pikapu zilikuwa zimeanza kuenea. Kampuni ya Ford iliuza Model T yenye sanduku la mizigo nyuma kuanzia mwaka 1925. Sanduku hilo lililo wazi lilifaa kuliko buti la motokaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani wengi walianza kuvuta nyumba za safari na matela ya ng'ombe na farasi kwa pikapu, na wengi wao wakafunga sahani katikati ya sanduku la mizigo badala ya kufunga ndoana nyuma ya bampa.

Tulinganishe njia hizo mbili. Pikapu yetu ina mita 3.6 kati ya ekseli zake. Tela la ndoana hushikwa nyuma ya bampa, tuseme mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kwa kawaida tela kama hilo huegemeza kwenye ndoana kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Likiwa la tani 3, huegemeza kilo 300 au zaidi. Tuchukue 300. Mita 1.2 ni theluthi moja ya mita 3.6. Basi magurudumu ya mbele yanapoteza theluthi ya kilo 300, yaani kilo 100, na ya nyuma yanabeba kilo 400.

Tela la gurudumu la tano huegemea kwa uzito zaidi, asilimia 15 hadi 25. Likiwa la tani 4, na tukichukua asilimia 20, ni kilo 800. Mtu atasema, "Hili ni baya zaidi, kilo 800 kwa 300!" Ngoja kwanza. Sahani iko mbele ya ekseli ya nyuma kwa sentimita 9 tu. Sentimita 9 katika mita 3.6 ni sehemu moja ya arobaini. Kwa hiyo kilo 20 huenda mbele, na kilo 780 hubaki juu ya ekseli ya nyuma. Mzigo ni mkubwa zaidi, lakini pua haikuinuka. Tena tela halipati nafasi ya kutikisa mkia wa gari kulia na kushoto, kwa kuwa limeshikwa mahali gari linaposimama imara, si kwenye ncha.

Hata hivyo kilo 800 ni kilo 800. Pikapu ina kiasi chake cha kubeba, na humo wamo dereva, abiria, mafuta, sahani yenyewe, na kila kilichotiwa ndani. Watu husoma katika kitabu cha gari kwamba linaweza kuvuta tani kadhaa, wakafurahi, wasifungue ukurasa unaosema linaweza kubeba kilo ngapi. Springi za nyuma na matairi ya nyuma ndiyo yanayolipa gharama ya uvivu huo.

Na mzigo huo unakaa juu ya nini? Si juu ya bati la sanduku. Bati hilo ni jembamba. Ukiliegemeza kilo 800 litabonyea kama debe. Fundi hulaza reli mbili za chuma, akazipitishia bolti kubwa mpaka kwenye fremu, yaani zile mbavu mbili ndefu za chuma zilizo chini, ambazo mafundi wengine huziita chesisi. Uzito hutoka kwenye pini, ukaenda kwenye sahani, kwenye reli, kwenye fremu, kwenye springi, kwenye ekseli, kwenye tairi, na mwisho kwenye barabara. Bati limo katikati ya safari hiyo, lakini halibebi kitu.

Iko taabu moja ya pikapu zenye sanduku fupi. Sahani ikiwa karibu sana na chumba cha dereva, kona ya tela huweza kuvunja kioo cha nyuma gari linapogeuka kwa kona kali. Je, sahani irudishwe nyuma ya ekseli? Tumekwisha kuona madhara yake. Mafundi wakatengeneza sahani inayoteleza juu ya reli: wakati wa kugeuka polepole uwanjani hurudi nyuma, na wakati wa safari hufungwa mahali pake pa mbele.

Sasa turudi kwenye malori makubwa, tuutazame mwisho wa safari ya uzito, yaani barabara.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Walijenga barabara za mizunguko, za lami na za saruji, nyembamba na nene, wakaweka askari wa jeshi kuendesha malori yenye mizigo juu yake mchana na usiku. Ekseli zilipita zaidi ya mara milioni moja. Kila mzunguko ulikuwa na mzigo wake, na wataalamu walipima nyufa na mabonde.

Waliyoyaona yanatisha kidogo. Ekseli ikiongezewa uzito, madhara kwa barabara hayaongezeki kwa kiasi kile kile, bali huruka. Ekseli yenye uzito mara mbili haiharibu mara mbili, bali huharibu karibu mara kumi na sita. Hesabu yake ni kuzidisha mbili kwa mbili, kwa mbili, kwa mbili. Ekseli ya tani 12 badala ya tani 10 imeongezeka tani 2 tu, lakini huharibu barabara karibu mara mbili. Kwa hiyo kinachoua barabara ni uzito uliorundikwa juu ya ekseli moja, kuliko uzito wa lori zima. Mwaka 1974 sheria ya Marekani iliweka mpaka wa ratili 80,000 kwa gari zima katika barabara kuu za nchi, na mpaka wake kwa kila ekseli na kila kundi la ekseli.

Nchi zetu nazo zinayo sheria ya namna hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 56 kwa gari kubwa kabisa, lenye ekseli saba. Ekseli ya usukani ina mpaka wa tani 8. Ekseli mbili zilizofuatana za kichwa cha lori, zenye matairi manne kila moja, zina mpaka wa tani 18. Ekseli tatu za tela zina tani 24. Jumlisheni: 8 na 18 na 24 ni tani 50, kwa semi-tela la ekseli sita. Hesabu hiyo ndiyo dereva anayokutana nayo kwenye mizani, Mikese au Mariakani.

Hapa ndipo watu hugombana. Dereva amepakia vizuri, anajua gari zima lina tani 46, chini ya tani 50. Lakini mizani inasema: mbele tani 6, kichwa nyuma tani 19, tela tani 21. Jumla ni 46 kweli. Lakini ekseli za nyuma za kichwa zimezidi kwa tani 1, naye amevunja sheria. Dereva husema mizani imeharibika. Mizani haijaharibika. Mzigo umekaa mbele mno ndani ya tela.

Maana mgawanyo ni wa mara mbili. Kwanza, tela lenyewe ni mpiko: mtu wake wa mbele ni pini, na mtu wake wa nyuma ni ekseli za tela. Kama kuna mita 10 kati yao, na mzigo wa tani 20 uko katikati, pini inapata tani 10 na ekseli za tela tani 10. Sogeza mzigo huo mbele mita moja: pini inapata 12, na nyuma zinabaki 8. Kisha zile tani 12 zinashuka kwenye kichwa, nazo zinagawanywa mara ya pili, kati ya ekseli ya usukani na za nyuma, kufuata mahali sahani ilipofungwa. Yule dereva wa tani 46, kama shehena yake peke yake ilikuwa tani 28, angeirudisha nyuma kwa nusu mita angeipunguzia pini karibu tani moja na nusu. Utingo wawili na saa mbili za jua kali zingetosha, nao wangelalamika njia nzima.

Malori mengi ya Marekani yana sahani inayoweza kusogezwa juu ya reli zenye matundu. Dereva akiona ekseli za nyuma za kichwa zimelemewa, na ya mbele bado ina nafasi, huisogeza sahani mbele tundu moja au mawili, akapima tena. Hakugusa shehena hata kidogo. Amebadili tu mahali bega lilipo.

Kazi ya darasa kabla ya mazungumzo yajayo. Mwalimu, andika hesabu hizi ubaoni. Ya kwanza: lile tela la mita 10 na mzigo wa tani 20 uliokuwa katikati, mzigo ukirudishwa nyuma mita moja, pini itabeba tani ngapi, na ekseli za tela tani ngapi? Ya pili: kile kichwa cha mita 4, kikilaliwa kwa tani 8, na sahani ikiwa mbele ya ekseli ya nyuma kwa robo mita, magurudumu ya mbele yataongezewa uzito gani? Na ya tatu haina tarakimu. Mwanafunzi yeyote anayekaa karibu na barabara kuu, au kituo cha malori, asimame atazame vichwa vitatu visivyo na tela, aone sahani imefungwa mbele ya ekseli, juu yake, au nyuma yake, kisha aje awaeleze wenzake.